SOMO: PAHALI MUZEE ANAPOKAA NDIPO PANAMUTOA NJE AO PANAMUFUNGIA NDANI



Somo la mara hii ni juu ya kitu ambacho munapita mbele yake kila asubuhi. Mukienda masomo munakuta muzee ameketi kwenye mulango wa parsele, fimbo katikati ya magoti, anawasalimia: «Jambo yenu batoto! Mulilala muzuri?» Parsele ya tatu kutoka pale kuko muzee mwingine. Miaka yao ni sawasawa, pengine walitumika pamoja. Huyo hamumuoni. Yeye iko ndani. Mukiuliza sababu, watu wa avenu wanawajibu kwa neno moja: «Njo vile iko, hapendake batu.»

Jibu hilo ni fupi sana, na somo hili linataka kulibishia. Ni kweli kuko watu wapole na kuko watu wa maneno mengi toka utoto wao, wala uzee haugeuzi hilo. Lakini mara nyingi sababu ya muzee kutoka ao kubaki ndani haiko katika moyo wake. Iko katika mambo yanayomuzunguka: mulango wake unatazama wapi, njia iko namna gani, kivuli kiko wapi, nani anapita pale, na kama kuko mutu yeyote anayemuhitaji kwa jambo fulani. Badilisha mambo hayo, na mutu yuleyule anabadilika. Muji wetu wa Lubumbashi umekwisha kufanya jaribio hilo, na wazee wetu ndio waliojaribiwa pasipo kuombwa ruhusa.

NYUMBA ILIFUATA KAZI

Tuanze mbali kidogo. Muji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imezaliwa mwaka 1906, na katika mwaka 1911 tanuru lake la kuyeyusha shaba lilianza kazi karibu na muto Lubumbashi. Siku zile muji haukuwa na wazee, ao tuseme haukuwataka. Mwanaume aliletwa juu ya nguvu zake. Nguvu zikiisha, alirudishwa kwao.

Karibu na mwaka 1928 kampani ilibadilisha mupango. Ilianza kutaka wafanyakazi wakae muda murefu, pamoja na bibi na watoto, katika kambi yake. Katika kambi mulikuwa karibu kila kitu: posho, hospitali, masomo ya watoto, fuaye ambamo wanawake walijifunza kushona na kupika, serkle ambamo wanaume walikutana kisha kazi, kiwanja cha mupira. Mutu hakutafuta rafiki. Alipewa jirani, naye jirani alikuwa mutu wa kazi moja naye, mwenye saa zilezile za kutoka na kurudi. Kambi ile ilikuwa pia na macho, tusisahau. Kampani ilijua nani analala katika nyumba gani. Lakini upweke haukuwa tatizo la kule.

Sasa angalieni jambo moja. Nyumba ilifuata kazi. Siku kazi ilipokwisha, nyumba haikuwa yake tena, na pamoja na nyumba alipoteza jirani, serkle, fuaye, na njia aliyoizoea kwa miguu. Mutu wa miaka hamsini na tano alifunga mizigo sawasawa na kijana aliyefika jana. Wengine walirudi vijijini kwao, na kule wakakuta wale waliowajua wamekwisha kufa. Wengine walitafuta parsele katika cité. Kamalondo, iliyoitwa kwanza Cité Albert, na Kenya zilikuwa za zamani. Wakati Katuba na Ruashi zilipofunguliwa katika miaka ya 1950, watu wengi walipata kule pahali pa kujenga, na kwa hiyo pahali pa kuzeekea.

Hapo kuko tofauti kubwa kati ya kambi na cité, nami naomba muishike vema. Katika kambi, ujirani ulitoka kwa kampani. Katika cité, ujirani ulitoka kwa parsele: muembe ulioupanda wewe mwenyewe, jirani ambaye mulipigana naye juu ya mupaka kisha mukapatana, wapangaji walioingia na kutoka, watoto waliozaliwa mbele ya macho yako. Ule wa kwanza kampani inaweza kuuondoa kwa karatasi moja. Ule wa pili unavunjika polepole, ao hauvunjiki.

MWAKA 2003

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines, iliyochukua pahali pa Union Minière kisha serikali kuitwaa, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika mwaka 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto kule Kolwezi ilianguka. Mwaka 1991 kukawa uporaji katika inchi yote. Katika miaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji yetu, na kati yao mulikuwa wazee ambao hawakujua kwao kwingine kuliko hapa. Mwaka 1994 shaba iliyotoka ilikuwa chini ya tani 40,000. Mushahara ukaanza kuchelewa, miezi na miezi.

Kisha mupango ule uliojulikana kwa jina la Départs Volontaires, katika miaka 2003 na 2004. Kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walitoka Gécamines mara moja, na malipo ya mwisho mukononi. Jina linasema kwamba walitoka kwa kupenda. Wengi wao wanaeleza namna nyingine: mushahara haukuwa unafika, mulango mwingine haukuwa. Walikuwa watu waliotumika miaka mingi, na wazee wengi munaowaona njiani leo wanatoka katika hesabu hiyo.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwandishi wa historia wa Université ya Lubumbashi, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga. Jina la kitabu linawaita Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampani. Neno hilo si muchezo. Mutoto anayeachwa na baba hakosi chakula tu. Anakosa pia pahali pa kusimama mbele ya watu. Wazee wengi wa 2003 walikosa vyote viwili siku moja. Asubuhi ya kwanza hakukuwa pahali pa kwenda. Mutu alivaa viatu, akakaa.

Alikaa wapi? Hapo ndipo somo letu linaanza kweli.

BARZA, MUEMBE NA MUFEREJI

Tuseme kuko wazee wawili, tuwaite A na B kama katika hesabu. Wote wawili wana miaka 74, wote wana magoti yanayouma, wote ni wajane, pansioni yao ni ndogo ileile na inachelewa kwa namna moja.

Nyumba ya A iko na barza inayotazama avenu. Parsele yake iko na ukuta wa chini, unaofika kifuani, ao mustari wa mauwa tu. Kuko muembe. Mbele kidogo kuko pampu ya maji ambapo wanawake na watoto wanangoja. Muzee A hatoki kwake hata hatua kumi, na tayari amesalimia watu arobaini. Mutu anamuuliza saa. Mwingine anamuachia ufunguo wa nyumba. Mutoto anapigwa na mwenzake, anakimbilia kwake. Saa kumi jioni rafiki yake anafika, wanacheza dame na vifuniko vya chupa. Kama siku moja hakutokea, ifikapo saa nne asubuhi mutu anapiga hodi: «Tata, uko muzuri?»

Nyumba ya B ni nzuri kushinda, labda. Mutoto wake anayeishi mbali alituma feza wakajenga ukuta wa mita mbili na nusu, juu yake chupa zilizovunjika, mbele geti la chuma. Alifanya hivyo kwa upendo, sababu ya wevi, na wevi wako kweli, hatuwezi kumulaumu. Lakini muzee B akiketi mbele ya nyumba yake anatazama matofali. Njia ya mbele iko na mufereji wa wazi na daraja la ubao mumoja. Kijana anauruka. Muzee anahesabu: nikiteleza nani atanitoa? Kwa hiyo anatoka siku ya Mungu tu, akipata mutu wa kumushika mukono. Kisha miezi kadhaa jirani wanasema: hapendake batu.

Kati ya A na B hakuna tofauti ya tabia. Kuko ukuta na ubao.

Ongezeni hali ya hewa yetu. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 na zaidi, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kweli. Wakati huo muzee anatafuta jua. Ukipita saa mbili utaona wazee wameegemea ukuta unaotazama mashariki, kama mijusi (wao wenyewe wanajicheka hivyo). Mwezi wa kumi ni kinyume: jua linapiga, kila mutu anatafuta muembe. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua inageuza avenu zisizo na lami kuwa matope. Kwa hiyo benchi moja haitoshi kwa mwaka muzima! Wale waliokata muembe ili kujenga chumba cha kupangisha walipata feza za kupangisha, ni sawa, lakini walifunga pia baraza la avenu yote, na hakuna aliyeliandika katika hesabu.

Na giza. Umeme ukikatika, kijana anawasha simu yake, anaendelea. Muzee ambaye macho yake yamepungua anarudi ndani saa kumi na mbili na nusu, na usiku wake unakuwa murefu sana. Taa moja mbele ya mulango inampatia mutu huyo saa mbili za mazungumuzo kila siku. Hesabuni kwa mwaka.

MESA YA KAMBO

Wanawake wazee wanahitaji sehemu yao, sababu mambo yao si sawa na ya wanaume. Mwanaume alipoteza kazi siku moja. Mwanamuke hakupata siku ya kuacha kazi. Kambo wengi wa muji huu wanalea wajukuu, wanapika bukari na sombe, wanateka maji. Mutu anaweza kusema: basi wao hawana upweke. Si hivyo kila mara. Kuko kambo ambaye kazi ya nyumba inamufungia kabisa nyuma ya parsele.

Tazameni sasa mesa ndogo mbele ya mulango: fungu la makala, nyanya nne nne, chumvi, kalanga, samaki kavu. Kijana wa siku hizi anahesabu faida, anaona ni makuta kidogo tu, anamuambia: «Kambo, acha hii, utachoka bure, nitakupatia feza ya chumvi.» Anafikiri anamuheshimia. Lakini mesa ile si duka tu. Ni sababu ya kukaa njiani pasipo kuonekana kama mutu asiye na kazi. Kila anayenunua kalanga anaacha pia habari: nani amezaa, nani anagonjwa, kilio kiko wapi. Ukimuondolea mesa, unamuondolea gazeti lake, na marafiki, na heshima ya kusema «niko kwa kazi».

Ni vilevile na likelemba ya mama wa avenu. Feza zinazozunguka ni kidogo. Lakini kila juma ao kila mwezi kuko siku ambayo watu kumi na wawili wanajua kwamba fulani hakufika, na wanatuma mutu kumuangalia.

KILIO, KANISA, NA MWAKA 2020

Kuko mikutano miwili ambayo karibu kila muzee wa Lubumbashi anaifikia hata akiwa na magoti mabaya: kilio na ibada. Katika kilio muzee ni mutu wa lazima. Anajua nani ni ndugu ya nani, jamaa mbili zitaongea namna gani, neno gani lisitamkwe. Anapewa kiti karibu na moto. Vijana wanamuletea chai. Kanisani vilevile: kuko kikundi cha wazee, kuko mama wa kwaya ambaye sauti imekwisha lakini pahali pake katika mustari hapachukuliwi.

Lakini mutu anayeegemea nguzo mbili tu iko katika hatari. Mwezi wa tatu wa mwaka 2020, sababu ya ugonjwa wa corona, serikali ilikataza mikutano ya watu zaidi ya 20 na kufunga ibada katika inchi yote; makanisa yalifunguliwa tena mwezi wa nane. Karibu miezi mitano. Muzee A wa mufano wetu alipoteza ibada, akabaki na barza, muembe na pampu. Alisalimia kwa mbali. Muzee B alipoteza vyote. Hapo tunafahamu kwamba ujirani wa karibu, ule usiohitaji tarehe wala nguo nzuri, ndio unaobaki wakati mambo makubwa yanafungwa.

Kuna neno la kuongeza juu ya mupira, walimu watusamehe. Mukitaka muzee wa Kamalondo aongee saa nzima, mumuulize juu ya Englebert, timu ambayo leo ni TP Mazembe, iliyochukua kombe la Afrika katika miaka 1967 na 1968. Mukitaka muzee wa reli aongee, mutamke Lupopo. Kijana anajua 2009, 2010 na 2015. Muzee anajua yale ya kwanza. Redio moja katikati yao inatosha. Avenu iliyo na pahali pa kusikiliza muchezo pamoja, ambapo muziki haupigwi mpaka masikio yanauma, inavuta wazee pasipo mahubiri yoyote. Lakini nganda ikifunguliwa ukuta kwa ukuta na nyumba ya muzee, na vyombo vya muziki vikipiga toka saa nane, anahama barza. Anaingia chumba cha nyuma.

KUKAA NJE NI KITU KIMOJA, KUITWA NI KINGINE

Mpaka hapa tumesema juu ya mawe, miti na taa. Hivyo havitoshi. Mutu anaweza kukaa njiani kutwa nzima na watu mia wakapita kama vile ni gogo. Sharti aulizwe kitu.

Muji wetu uko na mufano wa zamani. Katika mwaka 1965 mutu anayeitwa André Yav, aliyekuwa boy katika nyumba za Wazungu, aliandika historia ya muji kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa ajili ya wenzake waliofanya kazi ileile. Maandishi yale yanaitwa Vocabulaire ya muji wa Élisabethville. Hakuna aliyewaona watu wale kama wenye elimu. Lakini walikuwa na chama, walikuwa na pahali pa kukutana, na walikuwa na jambo ambalo wao peke yao walilijua: mambo ya ndani ya nyumba zile, na majina ambayo watu weusi waliwapa mabwana wao. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu katika inchi za mbali wanasoma maandishi hayo.

Mwaka 2000 Université ya Lubumbashi ilianza kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na Profesa Dibwe na Profesa Bogumil Jewsiewicki. Watafiti waliingia katika parsele, wakauliza watu wa kawaida habari za maisha yao, wakaomba vitu vya nyumbani vya zamani kwa maonyesho katika muzeo. Fikirini muzee ambaye sahani yake ya kambi ilikuwa imewekwa chini ya kitanda miaka thelathini. Mutu anafika na daftari na kumuomba aieleze. Sahani ni ileile. Muzee si yule.

Kule Harare, inchi ya Zimbabwe, walikwenda mbali zaidi. Daktari Dixon Chibanda, mutaalamu wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 katika kartie ya Mbare na wanawake wazee 14. Hakukuwa madaktari wa kutosha kusikiliza watu wenye huzuni nyingi. Basi wazee wale walifundishwa, na benchi ya mbao ikawekwa inje ya kituo cha afya, chini ya muti. Mugonjwa anaketi pale na kambo, anamuelezea taabu yake. Mwaka 2016 matokeo yalitangazwa, kisha jaribio lililofanywa katika vituo 24 na wagonjwa 573: wale walioketi kwenye benchi walipata nafuu kushinda wale waliopewa matunzo ya kawaida. Sisi tunatazama benchi ile kwa upande mwingine pia. Yule anayesikiliza ni muzee mwenye pahali pake, saa zake, na watu wanaomungojea.

Na faida kwa mwili iko? Mwaka 2010 wachunguzi wa Marekani, Julianne Holt-Lunstad na wenzake, waliunganisha uchunguzi 148 wenye watu zaidi ya 308,000. Waliona kwamba watu wenye uhusiano wenye nguvu na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai katika miaka waliyofuatwa, zaidi kwa karibu asilimia 50. Wanafunzi wa sayansi watauliza, na wanafanya vema: pengine ni kinyume, mugonjwa ndiye asiyetoka nje? Swali hilo ni la haki. Wachunguzi walitazama namna watu walivyokuwa na afya mwanzoni, na tofauti ikabaki. Lakini njia hiyo ina pande mbili: magoti yanaleta upweke, na upweke unaharibu magoti.

NENO LINALOSEMWA KWA SAUTI NDOGO

Kuko jambo lingine, na bulletin hii ingekosa kama ingelipita. Muzee asiyeonekana ni rahisi kumuogopa. Mutoto wa avenu anakufa kwa malaria, ao kijana anapoteza kazi, na mutu anaanza: «Ule muzee anafanyaka nini mule ndani, yeye moja?» Mwingine anakumbuka macho yake mekundu. Macho mekundu ni ya moshi wa makala na ya ugonjwa, lakini nani anauliza? Kisha juma mbili jina la mulozi limekwisha kubandikwa, na watoto wanakatazwa kupita pale. Sasa hata yule aliyetaka kumusalimia anaogopa kuonekana. Wazee wamefukuzwa namna hiyo, wengine wamepigwa, na wanawake wajane zaidi.

Muzee anayeketi njiani kila siku ni vigumu kumugeuza kuwa mulozi. Watu wanajua kikohozi chake, wanajua mizaha yake mibaya, wanajua alikula nini jana. Ukuta wa mita mbili na nusu, ule uliojengwa kumulinda, haumulindi juu ya hilo. Wanaosoma Biblia wanaweza kufungua Zekaria 8, mistari ya 4 na 5. Nabii anapoonyesha muji uliopona, hazungumuzii kwanza majumba. Anaonyesha wazee wa kiume na wa kike wameketi katika njia za muji, fimbo mukononi, na watoto wanacheza hapohapo.

KAZI YA KUFANYA

Kila darasa lipate avenu moja, karibu na kwenu. Muende wawili wawili, mchana, si usiku, na mukiingia katika parsele muanze kwa salamu. Musiandike jina la mutu yeyote. Andikeni namna hii: kutoka mulango wa muzee mpaka pahali pa kwanza anapoweza kuketi na kuona watu, ni hatua ngapi? Muhesabu hatua zake, si zenu. Katikati yake kuko mufereji? Kuko ubao wa aina gani? Kivuli kiko saa nane mchana, na jua liko saa mbili asubuhi? Taa? Kisha muulize swali moja tu lisilo la hatua: mara ya mwisho mutu alikuja kumuomba shauri ao habari, ilikuwa lini, na juu ya nini? Munyamaze, mumuache aseme. Akianza Englebert mutachelewa kurudi, muwajulishe wazazi.

Darasa la ufundi limepatana na mwalimu wa mbao: vipande vilivyobaki vya trimestre hii vitatosha benchi tatu, na mbao mbili pana za kuvukia mufereji. Hatutaziweka kwa kufikiri tu. Tutatazama karatasi zenu kwanza, tuone ni avenu gani, upande gani wa njia, chini ya muti wa nani, na mwenye parsele akubali. Karatasi zifike kwa mwalimu wa darasa mbele ya Ijumaa saa sita.